Mguu wa kuku meza ya saba: nina haki ya kumkataza?

Shikamoo Babu Karani.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina bustani ya nyama choma huku Ilazo, Dodoma mjini. Eneo si langu, nimepanga kwa mkataba wa miaka mitatu. Nina jiko, kaunta, meza kumi na nne chini ya miarobaini, na kwa nyuma vyumba sita vya wageni. Wewe ni mtu wa hapa, unajua biashara yetu inavyofuata Bunge. Wakija kwenye bajeti, Aprili mpaka Juni, vyumba havipoi na mbuzi wa mnada wa Msalato wanapanda bei. Wakiondoka tunabaki na wenyeji na wakandarasi.

Tatizo langu ni mkandarasi mmoja. Ana kazi kule Mtumba, anakuja Ijumaa na Jumapili, na akija haji peke yake. Meza yake moja inaweza kula kilo nne za kitimoto na kreti nzima ya bia. Ana bastola. Mwanzoni aliificha, tukawa tunaona shati limevimba tu. Siku hizi akishakaa anaichomoa, anailaza mezani kushoto kwake, anaifunika kwa kitambaa cha kunawia. Watu wote wanajua chini ya kitambaa kuna nini. Wahudumu wangu wanaambiana, "Meza ya saba ina mguu wa kuku." Binti mmoja mgeni, katoka Kongwa, siku ya kwanza kulisikia neno hilo alikwenda jikoni akaagiza mguu wa kuku wa kuchoma. Tulicheka mpaka mpishi akaunguza mishkaki.

Jumapili iliyofuata hatukucheka. Binti huyohuyo alikwenda na birika na beseni kumnawisha. Bosi akanyoosha mikono, kiwiko kikasukuma kitambaa, bastola ikateleza mpaka ukingoni mwa meza, mdomo wake umeelekea kwenye bembea za watoto. Binti alishtuka, maji ya moto yakamwagikia suruali ya bosi. Akatukanwa mbele za watu. Nikaenda kuomba radhi. Mimi, Babu, ndiye niliyeomba radhi.

Baadaye nilimwambia kwa heshima aiache kwenye gari. Akanijibu, "Mama, hii nina leseni. Serikali imeniamini, wewe nani usiniamini?" Tulivutana, mwisho tukakubaliana: akifika ananikabidhi, naifungia kwenye droo ya kaunta pamoja na daftari la madeni, ufunguo nakaa nao mimi mwenyewe. Ameshanikabidhi mara tatu. Nilidhani nimemaliza tatizo. Ijumaa iliyopita mteja mwingine, mfanyabiashara wa mahindi kutoka Kibaigwa, amesikia utaratibu huo na yeye akamletea yake binti wa kaunta. Droo ikawa na mbili.

Usiku ule sikulala. Nataka kuweka bango getini kwamba silaha haziruhusiwi kabisa. Shemeji yangu, tuliyeshirikiana mtaji, anasema nitafukuza wateja wenye hela na nitabaki na wanywa soda. Mpwa wangu kanionyesha video ya Mmarekani anasema bango la mlangoni ni karatasi tu, mwenye leseni analipita. Na huyo mkandarasi ninamdai shilingi 412,000, naogopa nikimkataza asirudi na deni likafa.

Nina haki ya kuweka bango hilo, mimi mpangaji? Akikataa nimfanyeje? Na wageni wa vyumba je?

Mama Bustani, Ilazo

*

Marahaba mwanangu, na mbukwenyi nyote mnaosoma.

Umeuliza habari ya bango. Nitalijibu, tena ni jepesi. Lakini barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye droo. Tuanzie hapo, na nakuomba umwite binti wa kaunta asome pamoja na wewe.

Usipokee tena silaha ya mtu. Usiipokee kwa dakika tano, usiipokee hata akikuomba kwa adabu na ufunguo ukiwa shingoni mwako. Leseni ya silaha hapa kwetu hutolewa kwa mtu kwa jina lake, kwa silaha yenye namba yake. Mke wake haimhusu, dereva wake haimhusu, na haihamii kwa mwenye kaunta eti kwa sababu wameelewana. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya zamani ya Sura ya 223, inamtaka anayekaa na silaha awe na leseni yake. Bastola ikiwa kwenye droo yako, kwa ufunguo wako, aliyekaa nayo ni wewe. Tuseme askari wameingia usiku ule kwa jambo jingine kabisa, wanamtafuta mwizi wa pikipiki, wakafungua droo. Hawatakuta "namtunzia mteja". Watakuta silaha na mama asiye na leseni. Naye mteja ana lake la kujibu kwa kukabidhi silaha kwa asiyeruhusiwa, lakini hilo halitakupunguzia wewe chochote.

Wala usidhani ni kesi ya kulipa faini dirishani ukawahi kurudi kugeuza nyama. Kupatikana na silaha bila leseni hushtakiwa pamoja na ile Sheria ya Uhujumu Uchumi, Sura ya 200. Nimekaa kwenye dawati la karani miaka mingi, nayafahamu mafaili yake: mahakama ya chini haiwezi kuanza kuyasikiliza mpaka ridhaa ya Mkurugenzi wa Mashtaka ifike, na wakati karatasi inasubiriwa, mshtakiwa naye anasubiri. Nakumbuka kielelezo kimoja. Bastola ndogo, mpini umebabuka rangi, imefungwa kikadi cha kaki kwa uzi wa katani, kwenye kikadi namba ya kesi imeandikwa kwa wino wa bluu na mkono wangu. Mshtakiwa alikuwa mtunza stoo. Alisema alimwekea bosi wake tu, bosi alikuwa anakwenda msibani. Mimi nilimwamini. Kwa bahati mbaya imani ya karani haiandikwi kwenye jalada.

Mara tatu zilizopita zimepita. Kama zinakunyima usingizi, kaa na wakili nusu saa umweleze, ndiyo kazi yake. Ila kuanzia leo, droo ibaki na daftari.

Sasa bango. Haki unayo.

Huyo bwana amechanganya mambo mawili: kuruhusiwa kuwa na silaha, na kuruhusiwa kuingia nayo anapotaka. Leseni yake inahusu lile la kwanza. Mimi nina leseni ya udereva, na sijawahi kuingiza gari sebuleni kwa mtu nikasema serikali imeniamini. Ni kweli ameaminiwa, tena kwa hatua; ombi la silaha linaanzia serikali ya mtaa, linapanda kata, wilaya, mkoa, mpaka makao makuu ya polisi. Njia nzima hiyo hakuna ofisi iliyokuuliza wewe kama uko tayari ailaze kwenye meza yako karibu na bembea. Hilo halikuwa lao kulijibu. Na leseni iliyotolewa inaweza kufutwa, jambo ambalo mtu anayelaza bastola kando ya kreti ya bia angefaa kulikumbuka. Polisi wameshaonya mara nyingi wenye silaha kuhusu kuingia nazo kwenye sehemu za pombe.

Katiba yetu ya mwaka 1977 ukiisoma jalada hadi jalada hutakuta ibara ya haki ya kubeba silaha. Utakuta ibara ya 14, haki ya kuishi na kupata hifadhi ya maisha. Utakuta ya 24, haki ya kumiliki mali na mali hiyo kuhifadhiwa kwa mujibu wa sheria. Utakuta pia ya 13, inayokataza ubaguzi, na hii uishike vizuri kwa sababu ndiyo mpaka wako: inataja kabila, mahali mtu alikotokea, maoni ya siasa, rangi, dini, jinsia, hali ya maisha. Ukimzuia mtu getini kwa sababu ni Msukuma, au kwa sababu ya fulana ya chama alichovaa, umekosea na bango halitakusaidia. Alichochomeka kiunoni hakimo kwenye orodha hiyo. Kwa hiyo sharti lako liwe la wote, wa Mercedes na wa bodaboda. Ukiliweka kwa fulani ukamwachia fulani, ndipo utakapozua maneno.

Umeniuliza kama mpangaji ana sauti. Anayo. Ardhi yote ya nchi hii ni ya umma, iko mikononi mwa Rais kama mdhamini, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imesema hivyo. Tukienda kwa ukali, hata mwenye nyumba wako naye ni mwenye haki ya kukaa tu, kwa hati. Sheria ya uvamizi inamlinda aliyeshika eneo, na mpaka mkataba wako uishe aliyelishika ni wewe. Mwenye nyumba mpe taarifa kwa heshima, asije akaliona bango getini akadhani umeanzisha kambi. Akikubali kuliingiza kwenye mkataba utakapohuishwa, vizuri zaidi.

Kanuni yenyewe ni ya zamani. Tulirithi sheria za kawaida za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, hiyo ndiyo tarehe iliyowekwa kwa Tanganyika, na ndani yake kuna jambo rahisi sana: anayeingia kwako kama mteja ameingia kwa ruhusa yako. Ruhusa inaweza kuwa na masharti, na inaweza kuondolewa. Ikishaondolewa, apewe muda wa kutosha kukusanya vitu vyake na kutoka. Asipotoka, amekuwa mvamizi papo hapo kwenye kiti alichokaribishwa. Na Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inaongeza jinai yake: hata aliyeingia kihalali, akibaki isivyo halali kwa nia ya kutisha, kutukana au kuudhi, ana kosa. Mtu anayekataa kuondoka huku bastola iko mezani, hakimu hatapata tabu kubwa kuitafuta hiyo nia ya kutisha.

Mpwa wako na video yake. Kijana hajakosea sana, ila amesikia nusu. Kule Marekani kweli silaha ni haki ya kikatiba, imo kwenye marekebisho ya pili ya katiba yao ya mwaka 1791, na mwaka 2022 Mahakama ya Juu yao iliipanua ikasema haki hiyo inatoka nje ya nyumba mpaka barabarani. Lakini hata huko, mwenye duka akikwambia hapa usiingie nayo, huingii. Kinachotofautiana ni nguvu ya bango, maana kila jimbo lina lake. Yapo majimbo ambayo kupita bango peke yake si kosa mpaka mtu aambiwe kwa mdomo atoke, na nadhani mzungumzaji wa video anatoka moja ya hayo. Texas wao wamelichukulia kwa uzito mpaka linachekesha: sheria imeandika maneno yenyewe ya kuwekwa kwenye bango, kwa Kiingereza na Kihispania, kila herufi isipungue inchi moja, na rangi zisimezane. Anayelipita hutozwa faini isiyozidi dola 200. Akishaambiwa kwa mdomo atoke na akakataa, kosa linapanda daraja na jela inaingia. Na baa inayopata asilimia 51 au zaidi ya mapato yake kwa kuuza pombe ya kunywewa hapohapo hubandika tangazo lenye 51 kubwa nyekundu, na hapo mwenye baa hata hana uamuzi, sheria yenyewe imeshakataza. Yaani bustani yako ingekuwa Texas, na kwa hesabu ya hizo kreti, mkandarasi wako asingevuka geti.

Hawaii walikwenda mbali zaidi. Mwaka 2023 walitunga sheria iliyogeuza mambo: kwenye eneo la mtu silaha haziingii mpaka mwenye eneo aseme ndiyo. Wenye bunduki wakaenda mahakamani, na kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu ya nchi. Kwa hiyo ugomvi wao ni kwamba mwenye eneo akikaa kimya, ukimya wake usomwe vipi. Kwamba akisema hapana ni hapana, hawagombanii. Jirani zetu Afrika Kusini nao, kwa sheria ya mwaka 2000, waziri anaweza kutangaza mahali kuwa ni eneo lisiloruhusiwa silaha. Mwambie mpwa wako atafute na hizo video.

Sasa namna ya kufanya, maana haki ya getini ikiletwa vibaya inaleta msiba.

Bango liwe getini, nje, mtu alione kabla hajashuka kwenye gari, na jingine dogo kaunta. Usichore bastola yenye msalaba mwekundu peke yake, andika: "Hairuhusiwi kuingia na silaha ya moto, hata yenye leseni. Hatupokei wala hatutunzi silaha za wateja." Sentensi ya pili hiyo ndiyo inayokulinda wewe, usiifute kwa kubana nafasi. Maneno "hata yenye leseni" nayo yanakuepusha na mabishano yaleyale ya kila Ijumaa. Kabla ya kulitundika, pita kwa polisi kata na kwa mwenyekiti wa mtaa uwaambie. Huombi kibali, unawajulisha, ili siku ukipiga simu wasianze kukuuliza wewe ni nani.

Mlinzi wako wa getini ndiye aseme, na aseme mapema, kabla ya bia ya kwanza. Mwanamume aliyekwishakunywa nne na wenzake wanamtazama hakatazwi kitu akakubali. Hata angetaka, ataona aibu. Akiwa bado ameshika funguo za gari ni mtu mwingine, ataguna, atageuza. Kama una uwezo, nunua kile kifimbo cha kukagulia chuma wanachotumia kwenye kumbi, na uwe na mwanamke wa kuwakagua wanawake. Anayekataa kukaguliwa usimlazimishe, wala usimpapase kwa nguvu, haingii, basi.

Umemwambia aiache kwenye gari. Nakuelewa, ila sikushauri uiseme tena. Kule Florida wana sheria ya mwaka 2008 inayomlazimisha mwajiri aruhusu silaha iliyofungiwa ndani ya gari la mfanyakazi kwenye maegesho, na waajiri wamelalamika sana. Hapa hakuna anayekulazimisha, na maegesho yako, kama ninavyoyajua ya Ilazo, ni uwanja wa vumbi na mlinzi mmoja mwenye tochi. Kioo kikivunjwa silaha ikaondoka, wa kwanza kuhojiwa ni yule mwenye tochi, wa pili wewe. Mwambie mteja aiache kwake, kwenye sefu yake, alikotakiwa kuitunza tangu mwanzo.

Akiwa ameshaingia na umeiona, usimfuate na kundi la wahudumu. Nenda mwenyewe, au mtume mtu mzima anayeheshimika naye, mwite pembeni: "Kaka, utaratibu wa hapa umebadilika, silaha hatuingii nazo. Naomba leo uirudishe nyumbani, meza yako itakusubiri." Akitoka, kwaheri. Akigoma, umeshamwondolea ruhusa na una mashahidi. Rudi kaunta, piga kituo chenu au 112, na acha kumhudumia. Usimnyang'anye. Usiiguse hata akiwa amelewa chakari na bastola imedondoka chini ya meza. Ondoa watu eneo hilo, kwanza watoto, weka mtu mzima asimame mbali kuzuia wapitao, ngojea askari. Na waambie wahudumu wasikae wakarekodi na simu.

Bango lako halimzuii askari aliye kazini. Polisi akija kukamata au kupekua kwa mujibu wa sheria ataingia na silaha yake, na wakati wa Bunge utaona walinzi wa viongozi, hao wako kwenye kazi ya serikali. Askari asiye zamu aliyekuja kunywa na silaha ya jeshi la polisi ni habari nyingine. Usibishane naye, mpigie mkuu wake wa kituo. Wana amri zao za ndani kuhusu silaha, na wakubwa wao huzichukulia kwa ukali kuliko wewe.

Vyumba ndipo penye ugumu kidogo. Mgeni anayeshuka kwenye treni saa nne usiku na bastola kwenye begi huwezi kumwambia airudishe Dar es Salaam. Kwa hiyo sharti lisemwe kwenye simu anapoweka nafasi, na liandikwe kwenye kitabu cha wageni juu ya pale anaposaini. Aliyekuja nayo mwelekeze kituo cha polisi aombe kuikabidhi huko mpaka atakapoondoka, mbele ya watu wenye daftari la kazi hiyo. Akishaingia chumbani kwa amani, kile ni faragha yake mpaka aondoke. Usimpekulie mabegi kwa wasiwasi. Ila mfanya usafi akikuta bastola chini ya mto, na wanasahau kweli, afunge mlango bila kugusa kitu, akuite, umpigie mgeni na askari.

Shemeji yako ana hoja moja ya kweli, kwamba biashara ni wateja. Muulize Jumapili ile ya maji ya moto ni familia ngapi ziliita bili mapema. Wewe hukuandika, lakini mpishi atakuwa anakumbuka nyama iliyobaki. Na huyo binti wa Kongwa muombe radhi, ile uliyompa bosi ilikuwa yake.

Mkandarasi na deni. Hilo lina njia yake na bango lina njia yake, usiyachanganye kwenye sentensi moja, asije akasema unamzuia silaha ili umdhalilishe kwa deni. Kabla bango halijatundikwa, mtumie ujumbe wa simu, taja kiasi na tarehe za kwenye daftari, umwombe athibitishe. Akijibu tu "nitalipa wiki ijayo" umepata maandishi, na asipolipa Mahakama ya Mwanzo wataanza nayo hayo. Utume saa nne asubuhi, akiwa Mtumba anahesabu mifuko ya saruji.

Babu Karani